Binti yangu kajichagulia jina la kati

Jamani, nimeshindwa na mtu wa wiki tatu.

Kesho tunakwenda kumwandikisha binti yetu. Jina la kwanza tulishakubaliana: Amani. La kati nilitaka liwe Rehema, jina la mama yangu.

Leo mchana amelia mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Nimenyonyesha, nimembeba, nimezunguka naye flati nzima hapa Thornton Heath. Wapi!

Mama mkwe akapiga video kutoka Shinyanga. Akamsikiliza kidogo, akasema, "Huyo anadai jina. Mtajieni wanawake wa ukoo. Akinyamaza, ndilo hilo."

Mume wangu, mhandisi mzima, na digrii zake mbili za hapa London, akaanza kutaja!

Minza. Analia.

Nyamizi. Analia.

Nikachomekea langu haraka: Rehema. Hapo ndipo alipopiga yowe.

"Kabula," akasema baba yake.

Kimya. Akapiga na miayo juu.

Sasa, Kabula ni wifi yangu. Yule aliyegoma kuja kwenye harusi yetu eti sijui kusonga ugali.

Nikasema mtoto kachoka tu, turudie. Tukarudia. Rehema, yowe. Kabula, kimya.

Mama mkwe kule vigelegele.

Hata simu haijapoa, ujumbe wa sauti ukaingia: "Wifi yangu kipenzi! Nisalimie wajina wangu. Mwambie nakuja kumlea, nitakaa mpaka aanze shule."

Nifanyeje? Jibuni haraka, mume wangu ameshaanza kupima pa kuweka kitanda.