Ukuta wa Samaki kule Kambodia

Mama yangu alikuwa na jiwe la kusagia, sisi tunaliita pong'. Kila lilipolainika mpaka mtama unateleza tu, alikuja mzee mmoja kuligonga upya. Alikaa chini, akaliweka katikati ya miguu, akaanza: ko, ko, ko. Watoto tulifukuzwa ili vipande visituingie machoni. Mimi sikuondoka. Mzee yule hakuwa anajua kunyamaza, anagonga huku anasengenya kijiji kizima, na mama naye anasikiliza, anasahau kuosha jiwe vizuri. Siku hiyo tunakula ugali wenye mchanga, unalia kwenye meno. Lakini si hayo niliyotaka kusema.

Nilitaka kusema kwamba mlio ule niliusikia tena uzeeni, mbali sana, Kambodia, kwenye hekalu la kale la Wakhmeri. Fundi alikuwa anachonga jiwe la kuziba mahali palipobomoka. Nikasimama vile vile kama zamani.

"Baba, twende," binti yangu akanivuta mkono. "Hiyo ni kazi ya juzi. Michongo ya kale iko mbele."

Huyo ni kitindamimba wangu, anafundisha watoto wadogo huko. Tangu mama yake afariki, mimi na yeye tunapigiana simu kila jioni, mimi nikiwa nyumbani Asembo Bay kwenye kiti changu, yeye huko ambako watu wameshalala. Alinitumia tikiti nikapanda ndege Kisumu, nikabadilisha Nairobi, na kwingine ambako sikupajua. Na tangu nifike, kulikuwa na kijana wa huko anabeba mkoba wangu. Mpole, anatabasamu kabla hujasema kitu. Hakuna aliyeniambia ni nani. Mimi nimeozesha mabinti wengine, najua kijana anayeng'ang'ania mkoba wa mzee ana jambo. Nikilikubali, mtoto wangu atakuja nyumbani kama mgeni, na wajukuu watanisalimia kwa simu kwa lugha nisiyoijua.

Basi sikutulia. Kila kijana alipokohoa kama mtu anayetaka kuanza, nilisonga mbele kutazama jiwe lingine. Ndivyo nilivyouona ukuta ule wa samaki, kwa kumkimbia kijana.

Na enyewe, ulikuwa ukuta! Mrefu, umechongwa kutoka chini mpaka juu kuliko kichwa changu. Watu wako ndani ya mashua ndefu wanapigana, na chini yao samaki, samaki wengi, wanapita katikati ya miti. Nikafikiri fundi amekosea. Binti akanieleza kwamba huko ziwa likifura linaingia msituni, samaki wanakula kwenye matawi. Kuna mamba ameshika mtu. Kuna wanaume wameshika majogoo wanaotaka kupigana. Halafu kuna mama anauza samaki, mkono kiunoni, mdomo wazi. Nikacheka peke yangu.

"Huyu ni shangazi yako," nikamwambia binti. "Tazama anavyokataa bei."

"Baba, acha!" Naye akacheka. Nikaweka kidole karibu na magamba, bila kugusa. Kila gamba limechongwa peke yake. Mtu alikaa hapo, ko, ko, ko, pengine naye akisengenya.

Hapo nilijisahau, nikakaa mahali pamoja muda mrefu mno. Kijana akaja mbele yangu, akaweka mkoba chini, akaunganisha viganja. Akasema kwa Kiswahili, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe:

"Baba. Naomba. Binti yako."

Watalii walikuwa wanapiga picha nyuma yake. Kwetu binti haombwi njiani. Kijana hutuma msemaji, msemaji huja nyumbani, ndugu zangu wanakaa, wanakula, wanamchosha kwa maswali, ndipo mimi naulizwa, tena wa mwisho.

Nikamtazama binti. "Mwambie sijasikia."

"Baba, umesikia. Nimemfundisha wiki nzima!"

"Masikio yangu nimeyaacha Asembo, kwa baba zako wadogo. Anayetaka nisikie aje huko na wazee wake."

"Ni mbali, Baba."

"Mbali? Mimi si nimekuja? Na magoti haya?"

Akaniangalia kwa macho ya mama yake. Hakulia, na ingekuwa afadhali alie. Kijana hakuelewa, akaendelea kutabasamu, viganja bado vimeungana. Nikainama nikachukua mkoba wangu mwenyewe.

"Baba, bado upande wa pili," binti akasema polepole. "Kuna wanawake wa mawe wanaocheza. Ndio wazuri kuliko wote."

Nikapita kando ya mama wa samaki, nikapita yule fundi, hata yeye sikusimama kumtazama. Nyuma yangu nilisikia viatu vya mtu mmoja vinanifuata. Sikugeuka kuona ni vya nani. Nikatoka langoni, na upande ule wa pili sijauona mpaka leo.