Uambieni Mto Mnakokwenda

Nilipokuwa mtoto kule Wema, hakuna aliyevuka Tana bila kuuambia mto anakokwenda. Unachovya mkono majini, unasema: naenda shamba, naenda kumwona dada. Ukinyamaza au ukidanganya, mamba wanakusikia. Nyanya, mama mzazi wa Baba, alikuwa mzee wa kanisa, lakini hilo la mto hakuliacha hata siku moja. Nilipomuuliza kama si ushirikina, aliniambia mto umeumbwa na Mungu na una masikio kunishinda mimi.

Mwaka wa vita vyetu na wafugaji wa ng'ambo ya mto, waliuawa watu wetu, na baba mdogo, kitinda mimba wa Nyanya, akiwa mmoja wao. Na sisi tulikuwa tumewachomea nyumba. Hilo watu wetu hulisahau wakisimulia. Asubuhi baada ya mazishi, Baba na wenzake watano waliteremka mtoni na mapanga. Mimi nilikuwa pale nateka maji. Nyanya alikuwa ametangulia, ameketi ndani ya mtumbwi wao.

"Mama, shuka," Baba alisema.

"Nitashuka. Kwanza uambieni mto mnakokwenda."

Baba akainama, akachovya mkono. "Tunakwenda..." Sauti ikakatika. Hapo ndipo nilipohisi kimya, hata ndege wa matetini walikuwa wameacha kulia. Macho ya mamba yalikuwa yamejitokeza juu ya maji, mengi, hayasogei, yote yametuelekea sisi. Niliogopa mpaka ndoo ikanitoka mkononi.

"Nimezika mwanangu," Nyanya alisema. "Yesu hajaniambia nilipwe kwa mtoto wa mwanamke mwingine. Ukiweza kulitamka unaloendea, nenda."

Baba alilitupa panga, akakaa mchangani, akalia. Sikuwahi kumwona akilia. Wenzake walimshusha Nyanya taratibu, wakapanda, wakapiga kafi kuupanda mto bila kuuambia mto chochote.

Jioni mtumbwi ulirudi peke yake. Uliteremka polepole katikati ya maji, mamba mmoja upande huu, mwingine upande ule, ukakata kona na kuingia kivukoni kwetu. Ndani mlikuwa na mapanga yao yote, makavu. Wake zao wakaangua kilio. Nyanya alipiga magoti kwenye tope akaomba.

Kulipokucha wanaume wote walitokea kwa miguu, wamezungukia daraja la Garsen. Walisema walishuka ng'ambo kuuvuta mtumbwi ufukweni, ukawaponyoka na mapanga yote, nao hawakufika bomani kwa wafugaji. Hawajaongeza neno mpaka leo.

Kwa miaka mingi niliamini ni mamba. Siku hizi nawaza kwamba yuko mmoja wao aliyeuachia makusudi, kwa kuwa alishindwa kulitamka alilokuwa akiliendea. Sioni kama Mungu anapungukiwa na kitu kwa hilo. Wale mamba wawili siwezi kuwaeleza, na nikiwakumbuka mwili bado unanisisimka.

Garsen nanunua maziwa kwa mwanamke wa rika langu, aliyezaliwa katika boma lile walilokuwa wakiliendea. Juzi nilimuuliza hali ya baba yake.

"Mzee yupo, dada," akasema. "Anagombana na kila mtu nyumbani. Daktari amemkataza sukari, naye chai bila sukari hataki hata kuiona."

Tulicheka wote wawili. Kisha nilishika njia ya nyumbani na chupa yangu ya maziwa, nikamlilia baba mdogo, na nikamshukuru Mungu kwa yule mzee na chai yake.