Mkanda wa Sendofu

Nilipofungua begi la ile kamera, mende walitoka kwanza. Wawili, wanene, wala hawakuwa na haraka. Chini yao kulikuwa na vinyesi vyao vyeusi, vidogo kama mbegu za mchicha, vimetapakaa mpaka kwenye kioo cha lenzi, pamoja na ile harufu ya mende ambayo ukishainusa unatembea nayo puani kutwa. Kamera hiyo wakati fulani niliipenda kuliko nilivyopenda watu. Nilikuwa nailaza kitandani, naifunika kwa shuka. Sasa niliishika kwa ncha za vidole viwili, nikaitoa uani kwangu hapa mtaa wa Soweto, nikaipigapiga mgongoni. Kikadondoka kifuko cha mayai. Nikatema mate.

Aliyenifanya niitafute ni mdogo wangu wa kike anayeishi Iringa. Mama yetu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na ukoo ulikuwa umepanga kukutana kijijini kumjengea kaburi. Mdogo wangu akanipigia simu.

"Kaka, ule mkanda wa sendofu yangu bado unao?"

"Ninao. Iko mitatu."

"Wosia wa mama umo?"

"Utakosaje kuwemo? Si ni mimi niliyepiga?"

Nilijibu kwa maringo, kama mtu aliyeulizwa kama anajua jina lake.

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Miaka ya mwisho mama alipata kiharusi, kikamnyang'anya ulimi. Alikuwa akisema nasi kwa macho na kwa mkono wa kushoto tu. Watoto wa mdogo wangu, wote waliozaliwa baada ya hapo, hawakuwahi kuisikia sauti ya bibi yao. Yule wa mwisho, wa miaka saba, alidhani bibi alizaliwa hivyo. Na mdogo wangu mwenyewe, siku ya sherehe hiyo ya kumuaga, mama aliposimama ukumbini kumpa wosia wa kwenda kwa mumewe, alilia mpaka wanja ukafika kidevuni. Hakusikia kitu.

"Nakumbuka alianza kwa Kihehe," aliniambia. "Nakumbuka wamama walipiga vigelegele. Basi. Kaka, maneno yale aliniambia mimi, na mimi siyajui."

Nikamwambia aondoe wasiwasi, siku ya kaburi nitakuja nayo kwenye kompyuta, tutaweka spika, watoto watamsikia bibi yao.

Kamera haikuwaka. Betri ilikuwa imevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Nikaamua kupeleka mkanda wa kwanza kwa fundi mmoja Mwanjelwa, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya sufu, ambaye kibanda chake kilikuwa na bango la kusema anahamisha mikanda ya zamani kwenda kwenye kompyuta. Siku ya pili akanipa flashi. Nikaomba tuitazame palepale.

Mungu anisamehe kwa nilichokitamka. Picha ilianza kwa maua mekundu yaliyokuwa yakidondoka kutoka juu, na mioyo miwili ikizunguka. Baba mdogo wetu, marehemu sasa, mtu aliyekuwa mkali kama pilipili, alitokea ndani ya mmoja wa ile mioyo. Chini, juu ya videvu vya watu, namba ya simu ya fundi ilikuwa ikipita toka kulia kwenda kushoto bila kuchoka. Na hakukuwa na sauti ya mtu hata mmoja. Midomo ilicheza, na juu yake kwaya ilikuwa ikiimba, kinanda kikirukaruka. Shangazi yangu alikuwa anapiga vigelegele, nauona ulimi wake, lakini ninachosikia ni kinanda.

"Sauti za watu ziko wapi?"

"Yalikuwa makelele tu, mzee wangu. Nimeyatoa, nimekuwekea kwaya tamu. Si unaona ilivyotulia?"

"Makelele hayo ndiyo niliyoyataka."

Alinitazama kwa huruma. "Wateja wote tunawafanyia hivihivi. Harusi bila muziki, mzee, inakuwa kama msiba."

Nilichukua mkanda wangu nikatoka bila kuaga. Njia nzima nilisonya. Nilipofika nyumbani nilimmalizia mke wangu hasira zote: watu wa namna hii ndio wanaotuulia wazazi mara ya pili, mtu hana haya, anachukua sauti ya shangazi wa watu anaitupa kama maganda ya ndizi, kizazi gani hiki kisichojua cha kutunza. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Aliniacha nikaongea mpaka nikaishiwa.

Basi nikasema nitaihamisha mwenyewe. Nikanunua kifaa cha kuiwashia kamera kwa umeme, waya wenye vichwa vitatu, mwekundu, mweupe na wa njano, na kile kidude kinachochomekwa kwenye kompyuta ili kipokee picha. Kompyuta ni ya binti yangu. Nikasafisha kichwa cha kamera kwa pamba na spiriti. Pamba ilitoka na uchafu wa rangi ya ugoro na mguu mmoja wa mende. Nikaendelea. Mara ya tatu ya kujaribu, picha ikaja.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba mkanda hauharakishwi. Wa saa moja unahama kwa saa moja, na ukiondoka, kidude nacho kinaweza kuzingua. Kwa hiyo Jumamosi hiyo, mvua ikinyesha na ukungu umefunika mlima, nilikaa na sweta langu na kikombe cha chai nikaitazama kazi yangu mwenyewe. Sijawahi kukaa karibu na mtu mjinga kiasi kile kwa muda mrefu kiasi kile.

Nilipiga magari. Yalipofika ukumbini nilipiga moja moja, kuanzia taa za mbele mpaka za nyuma. Nilipiga kreti za soda zilizopangwa, nikapandisha kamera mpaka juu na kuishusha tena. Nilipiga viatu vya wageni. Mgeni rasmi, bosi wa ofisi fulani ambaye leo hakuna hata mmoja wetu anayekumbuka sura yake, nilimpiga anakula paja la kuku toka alipolishika mpaka alipobaki na mfupa, nikasogeza picha karibu mpaka mafuta yakaonekana yanatiririka kwenye pete. Anacheua. Nimepiga na kucheua kwake. Nilimwona mtu huyo anatafuna mbele ya macho yangu, na mimi nyuma ya kamera nimetulia kama naabudu.

Mama yuko wapi? Mama anapita. Mgongo wake unapita na sinia. Kitenge chake kinapita pembeni na ndoo. Mara moja anaonekana uso, mbali, anamwelekeza mtu mlango wa jikoni, halafu kamera inamkimbia inarudi kwenye magari. Kila alipoingia kwenye picha, niliyekuwa nimeishika kamera nilimtoa.

Nilijipa moyo. Wosia ulikuwa haujafika.

Ulifika kwenye mkanda wa pili. MC anamwita mama wa binti. Mama anasogea mbele na gauni lake la bluu na kilemba, kidogo anachechemea, na mdogo wangu ameshaanza kulia. Mama anapokea maiki. Anaipuliza mara mbili, fuu, fuu, kama alivyomwona MC akifanya. Anamtazama binti yake. Anafungua mdomo.

Mstari wa bluu ukakata kioo. Halafu keki.

Nikarudisha nyuma. Anapuliza maiki, anamtazama binti, anafungua mdomo, keki. Nikarudisha tena. Nikatoa mkanda, nikaupuliza, nikasafisha kichwa upya kwa spiriti, nikaurudisha. Keki.

Haukuwa umeharibika. Niliketi pale nikiwa nimeshika pamba, na kumbukumbu ikanijia yenyewe, bila kuitwa.

Sisi tuliokuwa tunapiga picha za sherehe miaka ile tulikuwa na desturi yetu. Wosia wa mama ulikuwa mrefu, kila mtu anajua, na wa mama zetu wa Iringa ulikuwa mrefu zaidi, kwa sababu husemwa kwanza kwa lugha ya nyumbani kisha kwa Kiswahili, na katikati hulia. Mkanda haukuwa kitu cha kuchezea. Kamati ilikuwa inasisitiza: hifadhi mkanda kwa ajili ya keki, hifadhi kwa ajili ya mgeni rasmi. Kwa hiyo mama akishika maiki, tulipiga mwanzo wake kidogo kuonyesha kwamba alisema, tukazima. Huo ndio ulikuwa muda wetu wa kula. Wote tulifanya hivyo, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Lakini siku ile mimi sikuwa mpiga picha wa kukodi. Nilikuwa mwanawe wa kwanza. Na nilizima.

Nikakumbuka mpaka nilipokaa: nyuma ya pazia, kwenye kreti iliyogeuzwa, na sahani ya pilau mapajani. Nikakumbuka kwamba mmoja wa wapishi alinitunzia firigisi, kwa kuwa mimi ndiye mwanamume wa shughuli. Upande wa pili wa pazia mama alikuwa anasema maneno ya maisha yake yote, watu wanamwitikia, na mimi natafuna. Utamu wa ile firigisi naukumbuka mpaka leo, chumvi yake na pilipili manga. Neno la mama sikumbuki hata moja. Nikaenda uani, nikasimama mvuani karibu na shimo la taka. Nilijua ni nani anayestahili kutemewa mate, na si yule fundi wa Mwanjelwa. Yeye aliziondoa sauti za watu asiowajua.

Niliporudi ndani keki ilikuwa bado inaendelea. Mkanda haungoji mtu. Mdogo wangu ameshika kisu, MC anahesabu, na ghafla picha ikawa bluu tupu: gauni. Mtu amekuja kusimama mbele kabisa ya kamera. Sauti yangu, changa, imejaa kiburi, ikasema:

"Mama, sogea bwana! Unaziba keki."

"Haya baba, nasogea," mama akajibu. "Nilikuja kuangalia kama wamekupa chakula."

"Mama, sogea!"

Gauni likaondoka. Keki ikaonekana vizuri sana.

Hayo ndiyo yote. Nilitazama na mkanda wa tatu mpaka mwisho, haukuwa na sauti yake tena.

Nitasema ukweli, nilikaa na kompyuta siku mbili nikitafuta namna ya kujitoa. Binti yangu alinionyesha jinsi ya kukata. Ningeweza kubakiza la mama tu, "Nilikuja kuangalia kama wamekupa chakula," likasimama peke yake, tamu, hata ningeweka kwaya chini yake. Nilifika mahali pa kubonyeza. Nikaiona kofia ya sufu ya yule fundi, nikaacha. Niliwaza pia kumwambia mdogo wangu kwamba mkanda ulioza. Angeniamini, na hilo ndilo lililonizuia.

Asubuhi ya siku ya kaburi nilimwita pembeni, nyuma ya jiko la kijijini, nikamweleza. Alisikiliza ameshika sufuria tupu.

"Mama alipokuwa anasema, wewe ulikuwa unakula?"

"Nilikuwa nakula."

"Unakula nini?"

"Firigisi."

Nilitamani anitukane. Mwishowe akasema, "Weka hicho kilichopo. Usikate," akaingia jikoni.

Baada ya ibada, saruji ya kaburi ikiwa bado mbichi, watu walikusanyika sebuleni na masweta yao. Nikaweka kompyuta juu ya meza, nikaunganisha spika. Mdogo wangu alikaa kwenye mkeka karibu kabisa, kichwa amekiinamisha. Nikabonyeza. Mama akapuliza maiki, akafungua mdomo, ikaja keki, likaja gauni. Nilikuwa najua kinachofuata na bado kilinichoma. Sauti ya mama ilipotoka kwenye spika, nyembamba, ya haraka, yenye kile kicheko kidogo mwishoni, wamama wazima walishika midomo. Mdogo wangu alitoa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitoa. Watoto walisogea wakaiweka mikono kwenye spika.

Wakaomba irudiwe. Nikarudia. Wakaomba tena.

Mara ya nne yule wa miaka saba aligeuka. Alikuwa amekaa kwenye goti langu, pale anapokaa kila ninapofika Iringa.

"Mjomba, ni nani huyo anayemfukuza bibi?"

Chumba kizima kilisikia. Mdogo wangu hakuinua kichwa.

"Ni mimi," nikamwambia.

Alinitazama usoni, akitafuta kama natania. Kisha akashuka gotini, akaenda kukaa na mama yake kwenye mkeka.