Kitanda cha Bure

Wewe ungemtoza kodi ya kitanda kijana aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwenu? Motlib Miah, mwenye mgahawa wa kari mjini Oldham, asingethubutu. Rezwan, mpishi wake wa tanuri, alilala chumba cha juu ya jiko, akala alichokula tajiri wake, na kila baridi ikianza alinunuliwa koti. Ndivyo Wasilheti, watu wa jimbo walikotoka wote wawili, walivyoishi na watu wao Uingereza tangu enzi za baba zao.

Lakini serikali haihesabu makoti. Anayemdhamini fundi wa kigeni lazima amlipe mshahara wa taslimu usiopungua kima kilichowekwa. Kima kilipopandishwa mwaka jana, Rezwan alisema mapema, mikono imejaa unga.

"Ami, nilipe mshahara kamili, nami nikapange chumba mtaa wa pili. Chakula nitajinunulia."

"Upange? Kijijini wasikie nimekufukuza? Au wali wa mama mdogo wako umekukinaisha?"

"Sivyo, Ami. Sheria ndiyo..."

"Sheria niachie mimi. Wewe koroga dengu."

Kibali cha kazi cha Rezwan kilipokaribia kwisha, Motlib aliambatisha kwenye ombi la kukiongeza barua ya kurasa nne, kwa mkono wake: kitanda, chakula, makoti manne, hata jino alilomtibia. Jibu lilikuwa mistari sita. Malazi na chakula si mshahara, ombi limekataliwa. Na kwa anayeomba upya, kima kilikuwa kikubwa kiasi kwamba Motlib mwenyewe hakuwa akijilipa nusu yake. Mwenye benki hupitisha watu wake bila jasho. Anayelisha mji mzima huambiwa fundi wake hana thamani ya kutosha!

Mchana, siku moja kabla ya Rezwan kurudi kwao, Motlib aliikunjua tena barua ile juu ya kaunta.

"Nilidhani wataelewa."

"Wataelewaje, Ami? Waingereza hawa hata kwa mama zao wanalipa kodi."

Motlib hakucheka. "Ningekuacha uende mtaa wa pili, ungekuwa bado wetu."

Rezwan aliendelea kusugua sufuria.

Kesho yake asubuhi teksi ilisimama mlangoni. Rezwan aliinama kugusa miguu ya Motlib, kama mtoto anavyomuaga mzazi. Motlib akairudisha nyuma. Rezwan akasogea, akainama tena. Motlib akazidi kurudi, mpaka mgongo wake ukagota ukutani.