Mwenyekiti Anayeuawa Kila Julai

Seweryn, fundi matrekta wa kijiji cha Wierzbówka, alikuwa ameuawa mara ishirini na moja, na mara zote alikufa vizuri. Kila Julai wanakijiji wanapoigiza vita vya kale ambamo mababu zao waliwashinda wavamizi wa Kijerumani, yeye ndiye aliyekuwa Mkuu wa Wavamizi: joho jeupe, msalaba mweusi, farasi wa kuazima. Watu walimzomea mpaka sauti zikawakauka. Bibi Genowefa, mjane wa miaka themanini, alimtupia matufaha mabovu, na alikuwa na shabaha huyo bibi! Kisha askari wa miguu walimvuta kutoka kwenye farasi, naye akaanguka kwa kishindo, akatapatapa, akakata roho huku kijiji kizima kikishangilia. Aliipenda kazi hiyo kuliko matrekta.

Mwaka huo aligombea uenyekiti wa kijiji, maana daraja la kwenda shuleni lilikuwa limeoza na hakuna aliyejali. Mpinzani wake alikuwa Lucjan, muuza mbolea, ambaye kwenye vita hivyo huwa mfalme mshindi. Lucjan hakulaza damu. Wiki mbili kabla ya kura, kila nguzo ya umeme ilikuwa na picha ya Seweryn ndani ya joho lake, na chini yake maneno: "Utampa adui kijiji chako?"

Upuuzi mtupu, lakini watu walianza kunong'ona.

"Livue hilo joho mwaka huu," mkewe Grażyna alimwambia huku akikunja pierogi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani. "Vaa nguo za askari wetu, uonekane mzalendo. Ukishachaguliwa, kufa hata kila wiki."

"Sasa nani atakufa badala yangu?"

"Si yupo Bonifacy? Tumbo la ukuu analo."

Basi Seweryn akampelekea Bonifacy, muuza nyama, lile joho. Alirudi nyumbani mnyonge, hata pierogi hakuzigusa.

Jumamosi kwenye mazoezi, Bonifacy alipigwa rungu la sifongo, akabaki wima. Wakamwongeza la pili. Akajipangusa.

"Kufa, wewe!" askari wakampigia kelele.

"Nife vipi na mama mkwe ananitazama? Atanicheka mpaka Krismasi!"

Mwishowe alichagua mahali penye nyasi safi, akajilaza taratibu kama mtu aliyeshiba, halafu akainua kichwa kuuliza kama imetosha. Mfalme Lucjan alibaki na upanga wake juu, hajui ashangilie nini.

Bibi Genowefa akamfuata Seweryn katikati ya askari, ndoo mkononi.

"We Seweryn! Matufaha haya nimeyaozesha tangu majira ya baridi. Nimtupie nani, huyo muuza soseji?"

"Bibi, nina uchaguzi Jumatano."

"Na mimi nina miaka themanini. Kavae!"

Seweryn akacheka, mara ya kwanza wiki hiyo. Alijua kabisa kwamba pengine anautupa uenyekiti. Akaenda kulichukua joho lake.

Jumapili alikufa vizuri kuliko miaka yote. Aliinuka mara tatu, akalaaniwa mara tatu, tufaha la Genowefa likampata sikioni, na uwanja ukalipuka kwa furaha. Baadaye, Lucjan alipokuwa akipigwa picha na wakubwa wa wilaya, marehemu alikuwa akiokota chupa uwanjani, kama kawaida yake.

Jumatano, katika ukumbi wa wazimamoto, Lucjan alisimama. "Kweli mnataka kuongozwa na adui?"

Bibi Genowefa akainuka na fimbo yake. "Huyu tumempiga miaka ishirini na miwili. Kila mara anainuka, anaokota takataka zetu, hana kinyongo na mtu. Wewe Lucjan ulifungwa karata na padri mara moja tu, ukasusa kanisa mpaka Pasaka!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, padri mwenyewe akifuta machozi. Kura zilipohesabiwa, Seweryn alikuwa na sabini na nne, Lucjan hamsini na moja.

Daraja lilikamilika kabla ya majira ya kuchipua kwisha. Julai ilipofika, Seweryn aliketi na daftari kuandikisha askari wa miguu, wale wanaomuua. Kwa kawaida huwa kumi na wawili. Safari hii walijitokeza sitini na watatu: huyu kwa sababu ya shimo barabarani, yule kwa sababu ya taa, Bonifacy kwa sababu ya mbwa wa jirani. Genowefa alikuja na ndoo mbili. Na mbele kabisa ya foleni alisimama Lucjan.

"Ufalme nimeuchoka," alisema. "Niandike askari. Mstari wa mbele."

Seweryn alicheka mpaka kalamu ikamponyoka.

"Msisukumane, jamani," aliwaambia. "Nitakufa mpaka wote mridhike."