Paka wa Majivu na Mlinzi wa Mjamzito

Nilipokuwa mtoto pale Bigwa, nyumbani kwetu aliyeogopwa kuliko chui wa mlimani alikuwa paka mmoja mwembamba, na aliyeheshimiwa kuliko padri alikuwa mjomba wangu Leonsi. Leo nina wajukuu, na bado naona kwamba ile heshima ilipelekwa kwa mnyama asiyestahili.

Paka aliitwa Karani. Baba ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu alikaa ameunganisha miguu ya mbele kama mtu anayesubiri kupiga muhuri. Alikuwa akijilisha kwa panya wa darini, lakini Baba alipotengeneza pipa la bati la kuwekea mahindi, panya walihama, naye Karani akabaki kula ugali na mchuzi wa majani kama sisi. Jioni alifungiwa jikoni ili mbwa wasimrarue. Bibi, mama yake Mama, alimwekea kwenye pembe karai bovu lenye mchanga na majivu ya mekoni. Humo ndimo alimojisaidia, na asubuhi kazi yangu ilikuwa kumwaga na kuweka mapya.

Asubuhi moja nilimkuta anayala. Alikuwa ameinamia karai, analamba majivu na kutafuna mchanga, meno yanalia kama mtu anayekula wali wenye mawe. Nilicheka. Bibi alipokuja kuangalia ninachocheka, aliangusha kibuyu cha maji.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Sijui, Bibi. Leo ndiyo nimemwona."

Alikaa chini, mikono kichwani. Kwa watu wa rika la Bibi, paka anayekula majivu ya choo chake alikuwa anapima kaburi la mtu wa nyumba ile. Na nyumba ile ilikuwa na mtu wa kuhofiwa: Mama alikuwa na mimba ya miezi saba, na alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili waliozaliwa baada yangu. Siku hiyohiyo Bibi alituma ujumbe mlimani, mjomba ashuke.

Mjomba Leonsi alikuwa kaka mkubwa wa Mama, na kwetu sisi Waluguru mjomba akisema, baba anasikiliza. Alikuwa mtu wa kiuno kibovu. Kiuno hicho kilimuuma siku za kwenda shamba la kijiji tu. Siku za pombe na siku za kuitwa kuamua mambo ya watu, kilipona. Alifika na koti lake la kijivu kabla jogoo aliyechinjwa kwa ajili yake hajaiva, akazunguka karai mara mbili, akalitazama kwa jicho moja kama fundi saa. Paka mwenyewe hakumtazama hata kidogo.

"Huyu ameonja kitu kibichi," alitangaza. "Nani anampa vibichi?"

"Hakuna anayempa, mwanangu," Bibi alijibu.

"Basi asipewe kamwe. Paka akila kibichi katika nyumba yenye mimba, atajifunza ladha ya mtoto. Na huyu," alimnyooshea Mama fimbo, "asiguse nyama, wala mayai, wala maini, mpaka ajifungue. Paka akinusa damu kinywani mwake, tutachimba makaburi mawili."

Mama aliinamisha kichwa. "Sawa, kaka."

"Nami nitakaa hapa niwalinde."

Akakaa. Alikaa kwenye kiti cha Baba. Baba aliendesha trekta kwenye shamba la magereza kule Kingolwira, akirudi Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili. Kila Jumamosi alimletea mkewe maini ya ng'ombe yaliyofungwa kwenye jani la mgomba, na kila Jumamosi mjomba aliyapokea mlangoni.

"Umeleta hatari nyumbani, shemeji," alisema. "Lakini usijali. Mimi nina kinga."

Kisha aliyala yeye mwenye kinga, na vitunguu. Mama ndiye aliyempikia. Nilimwona akigeuza yale maini kikaangoni huku amegeuza uso pembeni, akimeza mate. Miaka ile redio ya jirani ilitukemea kila jioni kuhusu wanyonyaji na makupe. Watoto wenzangu waliwaza mabepari wenye matumbo makubwa wa nchi za mbali. Mimi nilijua kwamba kupe huvaa koti la kijivu na kulamba vidole kimoja kimoja.

Wiki ya pili bwana mifugo alipita kuchanja mbuzi. Alikuwa kijana wa mabuti ya mpira na baiskeli, mcheshi kwa watoto. Nilimbeba Karani chini ya khanga nikamfuata hadi kisimani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umeficha nini humo?"

"Paka. Anakula majivu."

Hakushtuka. Aliegesha baiskeli, akamshika Karani kichwa, akafunua mdomo wake kwa kidole gumba. "Angalia ufizi. Unaona rangi gani?"

"Mweupe."

"Ungetakiwa uwe kama ulimi wako. Huyu hana damu. Na hawa viroboto wanamalizia kidogo alichobakiwa nacho." Alipekua manyoya, wakaruka wawili. "Mnamlisha nini?"

"Ugali."

"Paka si mtoto wa shule. Mpe nyama, mpe samaki, hata vibichi, mradi viwe havijaoza. Maini kidogo. Anatafuta kwenye majivu kitu asichopewa kwenye sahani."

Nilirudi nyumbani naogopa. Ni rahisi leo kusema sikuamini maneno ya mjomba. Niliyaamini. Niliamini kwamba nikimpa Karani kibichi, mtoto wa Mama atakufa, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemuua. Lakini Jumamosi ile mjomba alinituma nikamwoshee maini yake, na aliponiambia, "Usipunguze hata ukucha, nimeyaona," kitu kikanipanda kifuani chenye nguvu kuliko woga. Nilikata kipande cha ukubwa wa kidole gumba, nikakitupa nyuma ya banda la kuku. Karani alikimeza bila kutafuna.

Sikulala vizuri, lakini kulipokucha Mama alikuwa akifagia uwanja kama kawaida. Nikaendelea. Nilivua visamaki mtoni kwa khanga, nikamwomba mwuza nyama vipande vya bandama alivyokuwa akiwatupia mbwa. Nilimwogesha Karani kwa sabuni ya kufulia, akanikwaruza mpaka kiwiko. Haikufika mwezi, karai lilikuwa karai tena. Alijisaidia, akafukia, akaondoka zake.

"Mmeona?" alisema mjomba, akitoa unyuzi wa nyama kwenye meno. "Dawa yangu imefanya kazi."

Siku hizohizo nilimkuta Mama nyuma ya nyumba. Alikuwa amechuchumaa karibu na kichuguu, akimega udongo mwekundu kwa ukucha na kuutia mdomoni. Alikuwa na mabonge mengine kwenye pindo la khanga. Aliponiona alijifuta haraka.

"Usimwambie mtu."

"Mama, fungua mdomo."

Sijui kwa nini alinitii. Labda alidhani ni mchezo. Ufizi wake ulikuwa mweupe kama kitambaa cha altare.

Nilisubiri Jumamosi. Baba alikuwa hajavua hata mabuti, mjomba amekwisha kunyoosha mkono apokee furushi, niliposema kwa sauti kubwa, "Baba, Mama anakula udongo. Hana damu, kama Karani. Bwana mifugo amesema asiye na damu apewe maini. Nimempa Karani mabichi, na amepona."

Kofi la mjomba lilinipata shavuni kabla sijamaliza. "Unamfananisha mama yako na paka! Umemlisha kibichi! Umeua, wewe!"

Bibi alianza kulia. Baba alimwendea Mama, akamshika kidevu, akavuta chini ngozi ya jicho lake, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mjomba, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho nilimsikia akimwambia, "Shemeji, toka kwenye kiti changu."

Baba alimpeleka hospitali mjini asubuhi yake, Mama akisimama kila hatua chache kuvuta pumzi. Walimlaza. Mkunga alimwambia Baba kwamba mwanamke yule angefika kwenye uchungu akiwa vile, asingeamka. Alilazwa hadi alipojifungua. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, mwenye sauti ya hasira. Ni mdogo wangu, na hasira anayo hadi leo.

Mjomba alikuja kwenye shughuli ya kumtoa mtoto nje. Alipewa paja la kuku. Aliwaeleza wageni jinsi alivyoliona kaburi kwenye karai na jinsi alivyolifukia kwa mikono yake, na wageni walimpa pole ya kazi. Alizeeka akilisimulia hivyo. Bibi alikufa akimwamini.

Bibi simdharau. Alimtazama paka, akajua kwamba katika nyumba ile kuna mtu anayekwenda kufa, na hilo lilikuwa kweli. Ila alimpa mwanawe alisome, na yule katika maisha yake yote hakusoma kitu kingine zaidi ya sufuria.

Niliyemdharau kimya kimya, na ninaona aibu kusema, ni Mama. Kwa miaka mingi nilimwona mwoga. Nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza nilimuuliza waziwazi: ulikuwa na njaa, ulikuwa unayapika wewe mwenyewe, kwa nini hukuonja hata kipande?

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Niliyatamani mpaka nilikuwa nayaota," alisema. "Lakini nilikuwa nimezika wawili, na sikujua kwa nini. Ningekula, halafu wa tatu afe, ningeishi vipi na ile ladha mdomoni?"

Nilitafuta dharau yangu nimjibu nayo, nikakuta haipo. Nilivuta kigoda, nikakaa karibu naye, tukauchambua mchele pamoja.