Kola ya Ijumaa

Baba mkubwa alimpiga babu kwa fimbo ya mpera, mgongoni na mbavuni, huku majirani wawili wamemshika mikono. Ilikuwa Ijumaa mchana, uani kwetu Buyenzi. Babu alikuwa ametoka kuzimia msikitini kwa mara ya nne, na mara zote alianguka pale pale: mwisho wa swala, akitoa salamu, uso ukigeuka kulia, kisha chini. Mtaa ulishakata shauri. Ni jini linalochukia swala. Na anayelia chini ya fimbo, walisema, si mtu, ni jini lenyewe.

"Toka kwa baba yangu," alisema baba mkubwa.

"Ni mi mwenyewe," babu alijibu, damu ikimchuruzika puani. "We mutoto, ni mi."

"Munasikia? Inadanganya."

Nilimrukia baba mkubwa nikampiga ngumi ya mdomo. Jino lake lilinichana kidole. Alinikamata shati akanigongesha kichwa ukutani.

"Masomo yote ile, unapiga mukubwa wako?"

"Jini gani inajua kalenda?" niliuliza. "Siku ingine anaswali apa nyumbani, aanguki. Juu ya nini Ijumaa tu?"

"Juu Ijumaa ni siku kubwa."

Aliapa kwamba babu akianguka tena Ijumaa ijayo, fimbo zitakuwa mbili. Babu asingetoka hai chini ya fimbo mbili.

Kesho yake nilimhoji babu akiwa amelala ubavu mmoja, ule mwingine umevimba. Akakumbuka kwamba aliwahi kuzimia kwa kinyozi pia, kinyozi alipomshika shingo akimgeuza kichwa. Kwa kinyozi hakuna swala. Nikaenda kuitoa kanzu yake ya Ijumaa: nyeupe, kola ngumu, zawadi ya baba mkubwa kutoka Hija. Shingo ya babu ni nene, kwa hiyo kila Ijumaa mwanawe huyo ndiye aliyemfunga kifungo, kwa kuvuta. Nyumbani babu huswali kwa fulana isiyo na kola.

Nilimpeleka kwa daktari mmoja upande wa Kamenge. Baba mkubwa alikuja pia, mdomo umevimba, kushuhudia nikiaibika. Nilipomweleza habari ya kinyozi na kola, daktari alisikiliza shingo kwanza, akambandika babu nyaya za mashine ya moyo kifuani, kisha akafinya upande wa shingo kwa vidole viwili. Mstari kwenye karatasi ya mashine ukanyooka. Macho ya babu yakageuka meupe.

Baba mkubwa alimkaba daktari koo. "Unamuua!"

Nilimvuta kwa mkanda wa suruali, tukaangukia meza. Daktari alikuwa amekwisha kutoa vidole, na mstari ulikuwa umeanza kuruka tena.

"Mushipa ya apa inashituka haraka sana kwake," daktari alisema akijipapasa koo. "Ukiifinya, moyo inasimama kidogo. Vile vidole yangu inafanya, ndiyo kola inafanya akigeuza kichwa. Tutatafuta dawa yake. Lakini mbavu mbili zimevunjika. Izo nani alifanya?"

Babu alifumbua macho, akataka kuinuka. Baba mkubwa, aliyekuwa karibu zaidi, alinyoosha mkono amsaidie.

Babu alijikinga uso kwa viwiko vyote viwili.